Kambi Chini ya Miamba ya Kolo



Tangu tuliporudi kutoka Kondoa pamoja na vijana wetu wa VIWAWA, swali moja limetufikia zaidi ya mara tatu, tena kutoka kwa watu tunaowaheshimu sana: Je, ni halali kwa vijana Wakatoliki kupiga kambi mahali ambapo watu bado wanafanya matambiko? Swali hilo ni la haki, nasi hatutaki kulipita kimyakimya. Lakini tueleze kwanza tuliyoyaona.

Njia ni ndefu. Kutoka Inyonga tulipita Sikonge, Tabora, Itigi na Manyoni hadi Dodoma, kisha tukashika barabara ya kaskazini iendayo Babati. Kolo ni kijiji kidogo mbele ya mji wa Kondoa. Kambi yenyewe haina makuu: uwanja mdogo kando ya mto ambao wakati wa kiangazi ni mchanga mtupu, miti michache ya kivuli, na mahali pa kuwashia moto. Vijana wetu, waliozoea misitu ya miombo na mizinga ya nyuki, walistaajabu kuona nchi ilivyo wazi, yenye makorongo mekundu yaliyochimbwa na maji ya mvua. Wengine waliiita jangwa. Si jangwa, bali ni nchi iliyochoshwa. Mwaka 1973 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika maeneo yaliyoharibika zaidi ya Kondoa ili majani na miti vipate kurudi. Vichaka tulivyovikuta ni matunda ya uamuzi ule, ambao wafugaji wengi waliupokea kwa uchungu.

Asubuhi tulipanda mlimani pamoja na kiongozi wa wageni. Katika wilaya ile kuna zaidi ya maeneo 150 yenye michoro, na mwaka 2006 UNESCO iliyaingiza katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Michoro myekundu ndiyo ya zamani zaidi, kazi ya wawindaji: watu warefu wembamba wenye nywele za ajabu, twiga, tembo, pofu. Juu yake au kando yake kuna michoro myeupe, minene, isiyo na ustadi uleule, ambayo wataalamu huihesabu kuwa ya wakulima waliokuja baadaye. Miamba ile imechorwa kwa muda usiopungua miaka elfu mbili. Ikumbukwe kwamba Wamisionari wa Afrika waliingia Karema mwaka 1885, na ndipo Injili ilipoanza kuja upande wetu.

Mary Leakey, aliyeinakili michoro hiyo kwa mkono mwaka 1951 na kuitolea kitabu mwaka 1983, aliona katika mchoro mmoja wa Kolo mwanamke anayevutwa huku na huku na wanaume, kana kwamba anatekwa. Wataalamu waliofuata wamesema labda ni ngoma ya uponyaji, na wanaomshika wanamtegemeza asianguke. Wavulana wetu walikubali maelezo ya kwanza upesi. Wasichana walikaa pale muda mrefu zaidi, nasi tukawaacha wakae.

Kisha tukafika Mongomi wa Kolo. Hapo ndipo penye shida ya swali letu. Wazee wa Kirangi hupanda huko kuomba mvua na afya. Huchinja mnyama, na pombe hunyunyizwa mwambani. Wahifadhi wanalalamika kwamba pombe hiyo inaharibu michoro. Wazee wao hujibu kwamba mwamba ni wa kuombea, si wa kutazama. Sisi ambao sanamu zetu nyingi zimefukizwa moshi wa mishumaa tusiwe wa kwanza kuwacheka. Tuliona pia mashimo yaliyochimbwa na watu waliodanganyika kwamba Wajerumani walificha hazina pale. Uvumi wa namna hiyo hata hapa Inyonga haukosi wateja, na kwa maoni yetu mashimo yale ni dharau kubwa kuliko pombe.

Binti mmoja akauliza, “Baba, si tuadhimishe Misa hapahapa, ili patakatifuzwe?” Tulikataa, ingawa nia yake ilikuwa njema. Mahali pale ni altare ya watu wengine, nao hawakutualika. Tulishuka tukaadhimisha Misa kambini, juu ya meza ya kulia chakula.

Katika mahubiri tulitafakari Yakobo, aliyelala porini, akaliinua jiwe aliloliwekea kichwa na kulimiminia mafuta, kwa kuwa alitambua ya kuwa Mungu alikuwa pale bila yeye kujua. Lakini Betheli hiyohiyo, baada ya vizazi vingi, manabii Amosi na Hosea waliikemea vikali. Yote mawili yamo katika Maandiko. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la mwaka 1965 juu ya dini zisizo za Kikristo, haukukataa lolote lililo la kweli na takatifu ndani yake. Wala haukutuambia tushiriki tambiko. Mbatizwa haendi kwa mganga, wala hanyunyizi pombe mwambani. Anaweza, hata hivyo, kuvua kofia mbele ya mahali ambapo wanadamu walimtafuta Muumba kabla jina la Yesu halijafika.

Jioni mzee mmoja Mwislamu, jirani wa kambi, alikuja kuota moto nasi. Akatuuliza kama sisi nasi huomba mvua. Tukamjibu kwamba Misale ina sala ya kuomba mvua, naye akataka kuisikia. Tukamsomea. Alipoona tumemaliza, akasema, “Amin,” kisha akauliza kwetu Katavi mvua huanza mwezi gani.

Mwakani, Mungu akipenda, tutakwenda tena. Mzazi ambaye dhamiri yake haijatulia asimzuie mtoto kabla hajaonana nasi. Tunapatikana ofisini kila Alhamisi baada ya Misa ya asubuhi.