Likizo Kando ya Ziwa: Hadi Reli Inapoishia



Neno likizo kwa wengi wetu lina maana mbili tu: watoto wamefunga shule, au baba amepewa siku zake kazini. Likizo ya mama haimo katika kalenda yoyote. Watoto wakifunga shule, kazi ya mama huongezeka. Baba akikaa nyumbani, chai ya saa nne huongezeka. Hata Bwana wetu aliwaita wanafunzi wake waende mahali pa faragha wapumzike kidogo, maana watu walikuwa wengi mno hata hawakupata nafasi ya kula. Mama gani asiyeijua hali hiyo?

Watu wa Ulaya wakichoka hukimbilia visiwa vidogo vya Bahari ya Mediteranea, na Malta ni kimojawapo. Sisi Malta tunaijua kwa habari za Mtume Paulo, ambaye hakwenda kupumzika bali alivunjikiwa merikebu, akakaa huko miezi mitatu. Mwenye nauli ya kufika huko na aende kwa amani. Sisi watatu, akina mama wa jumuiya moja mjini Morogoro, tuliangalia kilichomo mfukoni, tukachagua Kigoma. Sababu yetu ilikuwa nyepesi: reli inapita karibu na nyumba zetu tangu tulipoolewa, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuifuata hadi mwisho wake.

Mwisho wake ni Ziwa Tanganyika. Lina urefu wa kilometa 673 hivi na kina cha mita 1,470, na katika maziwa yote ya dunia linapitwa kwa kina na Ziwa Baikal la Urusi peke yake. Nchi nne hunywa maji yake: Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia. Ziwa la Galilaya, alikovua Petro, lina urefu wa kilometa 21 tu. Watoto wetu walipoambiwa hivyo walibisha, wakaenda kuuliza shuleni.

Kibubu na bati

Tuliweka akiba kidogo kidogo kila baada ya sala ya jumuiya, tukampa mwenzetu mmoja daftari. Tulilenga mwezi wa Juni, watoto wakifunga shule. Fedha zilipokaribia kutosha, mama mkwe wa mmoja wetu akaleta habari kwamba paa la nyumba yake linavuja, na akauliza, kwa upole lakini mbele ya watu, kama ni kweli mke wa mwanawe anakusanya fedha za kwenda kuangalia maji.

Hapo mpango ulikaribia kufa. Baba mmoja alisema safari za namna hii ni mambo ya wenye nazo. Mwenzetu mwenyewe alitaka kujitoa, kisha akalia, kwa sababu katika miaka kumi na minne ya ndoa hajawahi kulala usiku mmoja nje ya nyumba yake isipokuwa kwa msiba au kwa kuuguza. Tulikaa siku mbili na jambo hili. Mwisho tukakubaliana kwamba bati linunuliwe kwanza kwa fungu lake, na sisi wawili tumngoje hadi akusanye upya. Juni ikapita. Tukaenda Desemba.

Tunaeleza haya kwa sababu mama anayepanga likizo bila kuwafikiria wakwe atakutana nao tu, na heri akutane nao kabla hajakata tiketi. Tena, kungoja huko kulitugharimu mvua lakini kulitupatia dagaa, kama mtakavyoona.

Jambo jingine tulilolipatanisha mapema ni jiko. Tuliwaambia akina baba, nao wakakubali mbele ya watoto, kwamba huko tuendako mama hapiki. Tutakula kwa mama ntilie, tutanunua samaki wa kuchoma, lakini hatubebi sufuria. Msipolisema hili mapema, akina mama, mtajikuta mnachambua mchele ufukoni.

Ndani ya gari moshi

Wajerumani walianza kujenga reli hii Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inafika Dodoma kwa reli mpya, lakini Kigoma bado hufikiwa kwa reli ya zamani, au kwa basi, au kwa ndege kwa wanaoweza. Ulizeni stesheni siku za safari, na ongezeni siku mbili za akiba katika likizo yenu, hasa wakati wa masika, maana maji ya mvua huharibu njia upande wa Kilosa na Gulwe.

Kwetu safari ya treni ilikuwa likizo yenyewe. Watoto hawawezi kupotea ndani ya behewa, na mama hawezi kufagia nje ya dirisha. Saranda tulinunua kuku, Tabora tukanunua asali, na baada ya Kaliua nchi ikawa misitu mitupu hadi Uvinza, mahali panapojulikana tangu kale kwa chumvi yake. Kisha reli ikateremka, na katikati ya vilima maji yakatokea. Wote wakanyamaza, hata mdogo wetu wa miaka mitatu.

Malazi yapo ya kila mfuko, toka hoteli za juu kilimani hadi nyumba za wageni za kawaida. Muulizeni padre au mchungaji wenu, kwani mara nyingi makanisa yana vyumba safi kwa bei nafuu. Bebeni vitambulisho vya taifa, kwa kuwa huu ni mkoa wa mpakani na vitatakiwa. Bebeni pia vyandarua, malaria bado ipo.

Taa za usiku

Jioni ya kwanza tulikaa juu ya mawe tukalitazama ziwa likijaa taa. Dagaa wa Kigoma huvuliwa usiku usio na mwezi: taa huwavuta samaki juu, kisha wavu unatupwa. Zamani zilikuwa karabai, sasa nyingi ni taa za betri na za umeme wa jua. Ukitazama kwa mbali utafikiri kuna mji mwingine umejengwa juu ya maji. Basi mkipanga safari tazameni kalenda ya mwezi. Wiki ya mbalamwezi ziwa huwa giza, na wavuvi huwa nyumbani.

Kuna jambo jingine la kuangalia. Mwaka 2024 Serikali ilisimamisha uvuvi ziwani kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti ili samaki wazaane. Laiti tungekwenda Juni ya mwaka kama huo, tungeona ziwa zuri na vichanja vitupu.

Asubuhi tulikwenda Kibirizi, mwaloni. Hapo ndipo tulipojifunza kwamba likizo ya mama mmoja ni siku ya kazi ya mama mwingine. Wanaume hushusha mzigo na kwenda kulala. Wanawake ndio huupokea, huuanika, huugeuza jua likiwa kali na kuuanua wingu likitokea. Mvua moja ya saa nane inaweza kuozesha mtaji wa wiki. Mama mmoja, mtoto mgongoni, alituambia kwamba ziwa likifungwa yeye huuza mawese na muhogo, lakini ada ya shule haifungwi. Hakulalamika juu ya kufungwa kwa ziwa. Alisema dagaa walikuwa wamepungua kweli. Alichotaka ni kujua mapema, ili aweke akiba. Tulimkumbuka Petro aliyevua usiku kucha asipate kitu, na kwa mara ya kwanza tukawaza ni nani aliyekuwa akimngoja pwani asubuhi ile, na alikuwa na deni kwa nani.

Ujiji

Daladala zinakwenda Ujiji mchana kutwa, si mbali. Ni mji wa Kiislamu kwa sehemu kubwa, hivyo vaeni kanga zenu na msalimie vizuri. Mtakaribishwa kwa ukarimu ambao baadhi ya parokia zetu zingeuonea wivu.

Kila mtoto wa shule anajua kwamba hapa, mwaka 1871, Stanley alimkuta Dokta Livingstone, mgonjwa na aliyeishiwa. Pana mnara, makumbusho na miembe ambayo inasemekana ni uzao wa ule mwembe wa siku hiyo. Lakini si vizuri kuwaleta watoto hadi hapa wakaondoka na habari za Wazungu wawili tu. Ujiji ilikuwa kituo kikubwa cha njia ya misafara ya pembe za ndovu na watumwa kwenda Bagamoyo. Watu walivushwa kutoka ng'ambo ya Kongo, wakafungwa, wakatembezwa nchi ile ile tuliyoipita sisi tukila kuku wa Saranda. Akina mama walitembea na watoto migongoni na mzigo kichwani, na aliyeshindwa kubeba vyote viwili hakuulizwa anachagua kipi. Tuliketi chini ya miembe tukawaeleza watoto wakubwa jambo hili bila kulipunguza. Binti mmoja wa darasa la sita aliuliza kama babu zetu walikuwa miongoni mwa waliouzwa au miongoni mwa waliouza. Tulimjibu ukweli: hatujui, na huenda walikuwa pande zote mbili.

Tuliwaeleza pia habari za Halima. Alikuwa mpishi wa Livingstone, mke wa Amoda, naye alikuwapo Ujiji siku Stanley alipofika, akihangaika apike nini kwa mgeni. Livingstone alipofariki mwaka 1873, katika nchi ambayo sasa ni Zambia, Susi na Chuma waliubeba mwili wake hadi pwani, na sifa zao zimeandikwa vitabuni. Halima alikuwamo katika msafara huo, na Ntaoeka, mke wa Chuma, pia. Safari ya miezi mingi, wanaume wale walikuwa wakila. Mnadhani nani alikuwa akipika?

Na kama kuna anayefikiri kusafiri na mtoto mchanga ni shida leo, amsikilize Annie Hore, mke wa mmisionari wa Chama cha Misioni cha London. Mwaka 1885 alifika Ujiji kutoka pwani na mtoto wake mdogo Jack kwa siku 90 hivi, yeye akiwa amebebwa katika kiti, kisha wakaenda kuishi katika kisiwa kidogo cha Kavala, ng'ambo ya ziwa. Bila shaka waliombeba nao walikuwa na la kusema juu ya safari ile, lakini wao hawakuandika kitabu.

Sokwe wa Gombe

Hifadhi ya Gombe iko kaskazini ya mji, na hufikiwa kwa maji tu. Jane Goodall, aliyefariki Oktoba 2025, alifika hapo Julai 1960 akiwa na miaka 26. Wakubwa wa Kiingereza walikataa msichana akae porini peke yake, basi akafuatana na mama yake, Vanne. Binti alipanda milimani kutafuta sokwe. Mama alibaki ufukoni akiwagawia dawa wavuvi na familia zao, na urafiki alioujenga ndio uliomfungulia binti mlango kwa wenyeji. Kwa maoni yetu mama huyu anastahili sanamu.

Watoto wadogo hawaruhusiwi kwenda kwa sokwe, na mwenye mafua hukatazwa, kwa kuwa sokwe huambukizwa magonjwa yetu na hufa. Ulizeni ofisi ya hifadhi masharti ya umri na viingilio. Mtanzania hulipa kidogo kuliko mgeni. Sisi tuligawana, wawili wakaenda na watoto wakubwa, mmoja akabaki. Msipande boti isiyo na majaketi ya kuokolea ya kutosha watu wote, hata kama nahodha ni ndugu wa mchungaji. Alasiri upepo ukianza, ziwa hili hubadilika kama bahari.

Kwa kuoga, ufuko wa Jakobsen upande wa Katonga una mchanga safi na maji meupe, hulipiwa kiingilio. Epukeni midomo ya mito na maeneo ya vijiji yenye majani majini, kwa ajili ya mamba na kichocho. Na watoto wasiache kushikwa mkono: hatua chache tu kutoka ukingoni kina huanza.

Akina baba wetu walitaka sana kuiona meli ya Liemba. Iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande kwa reli, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916 mitambo yake ikiwa imepakwa grisi, ikaibuliwa mwaka 1924 na kurudi kazini 1927. Mwaka 2015 ilibeba wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga, na mkoa huu umepokea wakimbizi wengi tangu 1972. Miaka ya karibuni meli imesimama kwa matengenezo makubwa, hivyo ulizeni bandarini kabla ya kuwaahidi watoto.

Siku ya mwisho tulirudi Kibirizi kununua dagaa. Yule mama alitufundisha kuchagua: walioanikwa juu ya kichanja hawana mchanga, wawe wanang'aa kama fedha, wasivunjike mkononi, na ukiwanusa wasikuchome pua. Tulinunua debe moja kila mmoja, tukafunga vizuri kwa ajili ya wenzetu wa behewa. Mwenzetu alinunua madebe mawili. La pili lilikuwa la mama mkwe, ambaye alilipokea chini ya bati jipya, akauliza kama ni kweli maji yale hayana ng'ambo, kisha akataka kujua nauli ya mtu mzima ni kiasi gani.