Haukuwa Uvivu

Mama yetu alikuwa mtu wa kuamka kabla ya adhana ya Alfajiri. Mlio wa ndoo yake uani ndio uliotuamsha sisi wanawe. Ulipofika wakati ambapo sisi ndio tuliomwamsha yeye, tulisema ni uzee. Alipojifunika shali katika joto la Kaskazi, tulicheka. Akanenepa ilhali hali kingi, choo kikawa kigumu, ngozi ikakauka na nywele zikamtoka. Kila jambo tulilipa sababu yake, wala hatukuyaunganisha. Mmoja wetu, Mwenyezi Mungu atusamehe, alitamka neno uvivu. Mama alilisikia, akanyamaza.

Hatimaye daktari aliagiza damu ipimwe. Majibu yalionyesha TSH iko juu na T4 iko chini. Tulidhani kilicho juu ndicho kilichozidi kazi, kumbe sivyo. Tezi ya thairoidi, iliyo mbele ya shingo, hutoa homoni, T4 ikiwa mojawapo, zinazoongoza kasi ya mwili: joto, mapigo ya moyo, usagaji wa chakula, hata fikra. TSH hutoka katika tezi nyingine iliyo chini ya ubongo, nayo ni kama mgeni apigaye hodi: asipoitikiwa, huzidisha sauti. TSH ya mama ilipanda kwa kuwa thairoidi yake ilikuwa imechoka kuitika.

Alianzishiwa levothairoksini, kidonge kimoja kila siku, kwa maji, nusu saa hadi saa nzima kabla ya kula. Vidonge vya madini ya chuma au kalsiamu vilitengwa nacho kwa saa 4. Baada ya wiki 6 hadi 8 damu ilipimwa tena ili dawa irekebishwe. Ramadhani ilipokaribia tulimwuliza daktari mapema, akampangia kumeza wakati wa kulala, saa kadhaa baada ya futari.

Dada zetu, maradhi haya huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, na wengine huanza kuugua baada ya kujifungua. Mja mzito aliye nayo asiache dawa, amwone daktari mapema, kwani miezi ya mwanzo mtoto huitegemea homoni ya mama.

Nguvu hazikurudi kwa siku moja. Lakini alfajiri moja tuliusikia tena mlio wa ndoo uani. Tulitoka sote, tukamwomba mama radhi.

"Radhi nishawapa, wanangu," akasema. "Tawadheni, wakati unakwenda."