Spika ya Kilo 35 Juu ya Kilima cha Newala

Mume, mke, gitaa moja la besi na kabati la spika ndani ya Noah. Mhariri wetu alikwenda kusini kwenye harusi ya wifi yake, akiwa na ugomvi wa wiki sita moyoni.

Msomaji wangu, kuna vitu vitatu ambavyo havitakiwi kuingia ndani ya ndoa bila kujadiliwa: mkopo, mgeni wa kudumu na spika.

Mume wangu ni mhasibu kuanzia Jumatatu mpaka Ijumaa. Jumamosi usiku ni mpiga besi wa bendi ya roki ya watu wanne hapa Dar es Salaam. Ndiyo, roki. Wenzetu wa Nairobi wana bendi zao na mashabiki wao wa muziki huo. Hapa kwetu ukisema mumeo anapiga roki, watu wanakuangalia kama umesema anafuga pengwini.

Sikuwa na tatizo na hilo. Tatizo lilikuja siku guta liliposimama getini na kabati jeusi lililofungwa kwa kamba. Ndani yake spika nne za inchi kumi, uzito kilo 35. Pamoja na amplifaya yake, shilingi 2,400,000, mtumba. Pesa ilitoka kwenye akaunti ya msingi wa nyumba yetu ya Chanika. Mimi sikuulizwa.

Kwa wiki sita tukaishi kama wapangaji wa nyumba moja. "Umeshakula?" "Nimekula." Basi. Halafu ikaja kadi ya harusi ya wifi yangu, Newala, na mume wangu akatangaza kwamba besi na kabati vinakwenda.

Kilomita mia sita za kununiana

Tuliondoka Dar alfajiri. Barabara ya kusini siku hizi ni ya lami mpaka Masasi. Wazee wanaokumbuka kulala njiani wakisubiri kivuko cha Rufiji watakwambia nini maana ya Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003, refu karibu kilomita moja. Sisi tulilivuka kimya. Kila gari lilipopita kwenye shimo, kabati lilijigonga nyuma, naye akageuka kuliangalia kwa huruma ambayo mimi sikuwa nimeiona kwa wiki sita.

Ukifika Mingoyo, mkoani Lindi, njia zinagawanyika: moja inakwenda Mtwara, nyingine inakata kulia kuelekea Masasi. Unapita Ndanda, palipo na misheni na hospitali ya Wabenediktini, halafu taratibu vinaanza kuonekana vilima vya mawe. Masasi imezungukwa na majabali makubwa ya kijivu yaliyochomoza ardhini peke yake, kama tembo waliolala. Jioni jua likiyapiga, yanakuwa ya rangi ya chungwa. Kama wewe na mwenza wako hamsemeshani, kaeni hapo nje mnywe chai. Angalau mtakuwa na kitu cha kuangalia pamoja.

Ni mji wenye historia. Wamisionari wa Kianglikana walifika hapa mwaka 1876 pamoja na watu waliokombolewa utumwani. Kijijini Lupaso, si mbali na mjini, ndiko alikozaliwa Rais Benjamin Mkapa mwaka 1938, na ndiko alikozikwa mwaka 2020.

Ndani ya begi la mpiga besi

Masasi tulifikia kwa shemeji yangu, binamu wa mume wangu, mkulima wa korosho na mpiga gitaa wa bendi ya kanisa. Bendi yake ndiyo ingepiga harusini, mume wangu akiwa mgeni wa heshima. Usiku ule aliomba aone vyombo. Mume wangu akavipanga juu ya mkeka kimoja kimoja kama muuza dhahabu, na mimi nikajikuta nasikiliza.

Kwanza gitaa lenyewe, Fender Jazz Bass. Kabla ya mwaka 1951 mpiga besi wengi walibeba fidla kubwa la mbao, refu kuliko mtu. Mwaka huo kampuni ya Leo Fender, Marekani, ikatoa Precision Bass, gitaa la besi la umeme unaloweza kulivaa begani. Jazz Bass ikafuata mwaka 1960. Nyuzi ni nne tu. Ule mnene kuliko wote hutikisika kama mara 41 kwa sekunde, nusu ya uzi mnene wa gitaa la kawaida. Ndiyo maana besi mara nyingi unaisikia kifuani kabla ya masikioni.

Halafu pedali za kukanyaga kwa mguu. Moja ya kuweka nyuzi sawa. Moja ya kubana sauti ili noti kubwa na ndogo zilingane. Moja ya kukwaruza sauti, maana roki bila mkwaruzo ni kama pilau bila viungo. Kuna kisanduku cha DI, kinachotuma sauti ya gitaa kwenye miksa moja kwa moja. Waya za akiba. Fyuzi za akiba. Seti ya nyuzi mpya.

Mwisho, amplifaya na lile kabati. Akaeleza kwamba mwaka 1969 kampuni ya Ampeg ilitoa SVT, amplifaya ya wati 300 iliyotengenezwa kwa ajili ya majukwaa makubwa, na kabati lake la spika nane wanamuziki wakalibatiza jina la friji. Tangu hapo kila mpiga besi wa roki anaota friji. Gitaa lina kelele, dramu zina kelele, na mwenye besi asipokuwa na nguvu anabaki kuonekana tu.

"Kwa hiyo hili lako ni nusu friji," nikasema. Yalikuwa maneno yangu marefu kuliko yote tangu Dar.

"Chombo cha nani?"

Asubuhi tulikwenda kwenye studio ndogo ya kijana mmoja mjini, bendi ifanye mazoezi na kurekodi wimbo mmoja wa maharusi. Chumba kimoja, magodoro ukutani kuzuia mwangwi, kompyuta moja, kadi ya sauti yenye matundu mawili, hedifoni na maikrofoni moja nzuri. Mume wangu alianza kushusha kabati. Yule kijana akamwangalia.

"Bro, hilo la nini? Nipe waya."

Gitaa likaingia kwenye kisanduku cha DI, kutoka hapo kwenye kadi ya sauti, kutoka hapo kwenye kompyuta. Dakika mbili. Sauti ya amplifaya ikatoka kwenye programu. Nusu friji likabaki kwenye Noah, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi.

Wakati wa chai shemeji akatuchekesha. Alisema zamani wapiga besi wengi wa Tanzania hawakugombana na wake zao kuhusu spika, kwa sababu chombo kilikuwa mali ya mwajiri. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park, ya mwaka 1978, ilikuwa chini ya DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Mwanamuziki aliajiriwa, akapewa mshahara, akapiga chombo cha shirika. Akihama bendi, anaacha gitaa mezani.

"Sasa siku hizi shirika ni nani?" shemeji akauliza. Akanigeukia mimi. "Shirika ni wewe, shemeji."

Wote tulicheka. Lakini nilimwona mume wangu akiinamisha kichwa. Shirika halikuwa limeulizwa.

Juu kabisa

Kutoka Masasi kwenda Newala ni mwendo wa kupanda. Barabara ya Mtwara, Newala mpaka Masasi, kilomita 210, imekuwa ikijengwa kwa lami vipande vipande, na sisi tulikula vumbi letu la kutosha. Unaacha majabali nyuma, gari linanguruma, na ghafla uko juu ya uwanda wa Makonde. Hewa inabadilika. Mikorosho kila upande. Jioni unatafuta sweta, na uko Mtwara!

Mama mkwe alitupokea uani. Shikamoo zikaisha, akaliona kabati likishushwa na wanaume wawili.

"Hiki nini, mwanangu?"

"Spika, mama. Ya besi."

Akalizunguka mara moja. Ujana wake, kabla bomba halijafika mtaani kwao, maji yalichotwa bondeni na kupandishwa kilimani kwa kichwa. Uwanda huu una mchanga unaonyonya mvua yote, na mito iko chini kabisa.

"Sisi tulipandisha maji," akasema. "Nyie mnapandisha kabati."

Kesho yake, kabla ya shughuli, mume wangu alinipeleka Shimo la Mungu. Ni pembeni kidogo ya mji, mahali uwanda unapokatika ghafla na ardhi inaanguka chini mbali sana. Mbele yako ni bonde la mto Ruvuma, na ng'ambo ni Msumbiji. Upepo unavuma kutoka chini kuja juu. Hakuna ukuta wa kukuzuia, kwa hiyo shikaneni mikono. Sisi tulishikana kwa sababu za usalama tu. Ndivyo nilivyojiambia.

Mita nane za sauti

Harusi ilikuwa kanisani, sherehe uwanjani nyuma ya nyumba. Jenereta la kukodi, taa, miksa, spika mbili za mbele na, kwa fahari kubwa, nusu friji nyuma ya mume wangu. Alipopiga noti ya kwanza nilikuwa karibu, nikaisikia tumboni. Nikasogea nyuma kama hatua thelathini. Besi ikapotea. Nilisikia gitaa, sauti za waimbaji, na mume wangu akitingisha kichwa bila sauti.

Baadaye alinieleza. Wimbi la ile noti nene lina urefu wa mita nane hivi. Baa za Dar zina kuta na dari, zinalirudisha na kuliongeza nguvu. Uwanja wa wazi hauna kitu cha kulirudisha. Linatoka, linasambaa, linakwenda zake Msumbiji. Ukitaka besi ijae uwanja unahitaji makabati mengi sana, na umeme wa kuyalisha.

Na umeme ndio uliotuangusha. Wimbo wa tatu jenereta lilikohoa mara mbili, likazima. Mafuta machafu. Giza, watu mia tatu, bibi harusi kasimama. Mume wangu alibaki na gitaa la umeme mikononi, kipande cha mbao tu.

Hapo ndipo wazee wa sindimba, waliopangiwa kucheza mwisho, waliposogea. Walikuwa wameshawasha moto wa majani makavu pembeni, wakazungusha ngoma zao juu yake mpaka ngozi zikakaza. Huko ndiko kuweka nyuzi sawa kwa huku. Ngoma ndogo zenye mguu uliochongoka zikachomekwa ardhini, zikaanza kubishana haraka haraka. Na chini yake ngoma moja kubwa, nzito, ikisema neno lile lile moja. Ile niliisikia mpaka ukingoni mwa uwanja.

Unajua, Msondo na Sikinde, majina tunayoyaita bendi za dansi, yalikuwa majina ya ngoma kwanza. Nilikuwa nalijua hilo kwa kusoma. Usiku ule nililielewa.

Mzee mmoja alimwita mume wangu kwa mkono, akampa nafasi kwenye ile ngoma kubwa.

"Mjukuu wangu, shika hapo hapo. Usipambe. Wengine watapamba."

Alishika hapo hapo karibu saa nzima. Hakupamba. Jasho lilimtoka, mikono ikamvimba, na hakuna mtu aliyemwangalia, maana wote tuliwaangalia wachezaji. Mimi ndiye niliyemwangalia. Nikakumbuka kwamba kwa miaka miwili sikuwahi kwenda kumwona akipiga. Kila Jumamosi nilikuwa na sababu.

Mkataba wa gesti

Usiku chumbani alianza yeye. "Ningekuuliza ungekataa."

"Ndiyo, ningekataa," nikasema. "Na ulikuwa na haki ya kukasirika. Hukuwa na haki ya kuchukua."

Alinyamaza sana. Halafu akasema samahani, ile ya kweli, isiyo na "lakini" nyuma yake. Na mimi nikamwomba radhi kwa Jumamosi zangu zote.

Tulikubaliana mambo matatu. Chochote kinachozidi laki tatu kinajadiliwa, chake au changu, na viatu vyangu vimo. Mara moja kwa mwezi nakwenda kumsikiliza. Na kabati tukamwachia shemeji kwa ajili ya kanisa, ndani ya kuta nne, ambako besi inarudi. Nusu alilipa pale pale, nusu baada ya msimu wa korosho unaofuata. Gitaa, pedali na kisanduku cha DI vilirudi Dar ndani ya begi moja, na nyuma ya Noah tukajaza korosho na ming'oko.

Mpaka sasa msingi wa Chanika umefika kozi ya nne. Jumamosi iliyopita nilikuwa nimesimama nyuma kabisa ya baa, karibu na ukuta. Aliniambia hapo ndipo besi inaposikika vizuri.

Kama mnakwenda wawili

• Msimu wa korosho, kuanzia Oktoba, miji ina pesa na shughuli nyingi. Vyumba hujaa, pangeni mapema.
• Newala bebeni sweta, hata kama Masasi mlitoka jasho.
• Shimo la Mungu nendeni asubuhi au jioni. Mchana jua ni kali.
• Onjeni ming'oko, mizizi ya porini inayochemshwa, na korosho zilizochomwa siku hiyo hiyo.
• Mkikuta ngoma, ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha. Nyingine zinahusu jando na unyago, si maonyesho.
• Mkibeba vyombo vya muziki, bebeni pia kidhibiti umeme, fyuzi na waya ndefu. Kabati liacheni nyumbani.