Asiyejua Maana na Aambiwe

Wahenga walinena kwamba asiyejua maana haambiwi maana. Naistahi hekima yao, ila mlangoni pa chumba cha daktari methali hii hainiridhishi. Mgonjwa ana haki ya kuelezwa kitakachotendwa mwilini mwake, tena kwa lugha anayoifahamu. Nililitafakari suala hili pale shangazi yangu, aliyekuwa akiuguza ufizi, aliponitaka nimfafanulie habari aliyoisikia kuhusu tiba ya mwanga. Nilipomkumbusha kwamba mimi si mwanafunzi wa udaktari, alinijibu, "Wewe si unasomea maneno? Basi nipe maneno yake."

Maneno yake, mpenzi msomaji, yanaanzia katika hewa tuivutayo. Takribani asilimia 21 ya hewa hiyo ni oksijeni, na kila molekuli yake ina atomi mbili. Elektroni zake mbili za nje hukaa mbalimbali, mizunguko yao ikielekea upande mmoja. Katika hali hiyo oksijeni ni pole, haina papara ya kuvamia kila ikutanacho nacho. Lakini ipo rangi ambayo ikimulikwa hunyonya nishati ya mwanga na kuikabidhi oksijeni iliyo jirani. Hapo mizunguko ya elektroni hukinzana, na oksijeni ile ile iliyokuwa pole hugeuka kali, ikaunguza kuta za bakteria. Wanakemia huiita oksijeni singleti.

Elimu hii si ya jana. Mnamo 1900, Oscar Raab wa Munich, Ujerumani, alitangaza kwamba viumbe vidogo vilivyotiwa rangi ya akridini hufa upesi vinapopigwa na mwanga. Mwaka 1931 mwanakemia Hans Kautsky aliitenga rangi na kitu kilichokusudiwa kuathiriwa, kila kimoja kwenye chembe zake. Alipomulika, athari ilitokea vilevile. Ilikuwa dhahiri kwamba kuna kitu kilichosafiri hewani baina ya chembe hizo. Msafiri huyo maisha yake ni mafupi mno. Ndani ya maji hudumu kwa mikrosekunde chache tu, ilhali hewani hudumu maelfu ya mara zaidi, akaweza kuvuka mwanya wa karibu milimita moja.

Mwanya huo mdogo ndio kiini cha jambo. Katika tiba iliyozoeleka, rangi hutiwa mwilini mwa mgonjwa. Baadhi ya rangi za kudungwa humlazimu kulikwepa jua kwa wiki kadhaa. Wanakemia Alan Lyons na Alexander Greer wa Chuo Kikuu cha Jiji la New York, pamoja na wenzao, walishika njia nyingine. Waliifungia rangi juu ya uso mkavu usiolowa maji, kisha wakaumulika. Oksijeni kali iliruka hewani ikawafikia bakteria, nayo rangi ikasalia pale pale. Mwaka 2018 walichapisha matokeo ya majaribio ya maabara yaliyoonyesha kwamba njia hiyo huua utando wa bakteria wa kinywani.

Nilimwelezaje shangazi uso usiolowa? Nilimtajia jani la nduma. Kila aliyepita bondeni baada ya mvua amewahi kuona matone yakibingirika juu yake mithili ya lulu, kwa kuwa vinundu vidogo vya jani huhifadhi hewa chini ya maji. Shangazi alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwa hiyo ile rangi hainiingii mdomoni?" Hilo ndilo swali ambalo watafiti wale walikusudia kulijibu! Mtu asiyejua hata neno moja la kemia alikuwa amefika kwenye kiini chake.

Baadaye darasani mwenzetu mmoja alipendekeza tuiite "oksijeni pweke". Jina hilo ni tamu, lakini linapotosha, kwani msikilizaji atadhani ni oksijeni yenye atomi moja. Asili ya neno la kigeni ni mstari mmoja wa mwanga katika vipimo vya wanasayansi. Haihusu upweke wowote. Kwa maoni yangu, afadhali tuukubali mkopo huo, kisha tuufafanue. Istilahi isiyofafanuliwa ni kufuli bila ufunguo.

TUKI ilitutangulia kwa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya 1990, na Katiba ya Kenya ya 2010 imekitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi. Kazi iliyosalia ni yetu. Sisi wanafunzi wa Kiswahili tubishe hodi katika maabara, tuketi na wanakemia, tuulize hadi tuelewe, ndipo tubuni istilahi. Vinginevyo kamusi zetu zitanenepa, huku wagonjwa wetu wakiendelea kutia sahihi chini ya maneno wasiyoyajua maana.