Jiwe la Isimila na Nakala Yake

Miongoni mwa kazi za katibu wa kamati ya msikiti ni kutunza nyaraka. Hati ya kiwanja imo kabatini. Anayetaka kuiona tunampa nakala, na asili haitoki. Hatukudhani kwamba siku moja tungeihitaji kanuni hiyo ndogo kwa ajili ya jiwe.

Likizo iliyopita tuliwachukua wanafunzi wa madrasa yetu, hapa Morogoro, hadi Isimila, kilomita 20 hivi kutoka Iringa mjini, kando ya barabara ya Mbeya. Katika korongo lile zimo zana za Zama za Mawe, zilizochongwa na watu walioishi huko kabla ya chuma kujulikana. Mashuhuri ni mashoka ya mkono: mawe yaliyochongwa pande zote mbili hadi yakapata makali na umbo la chozi. Watoto waliyashika kwa idhini ya mwongozaji, wakastaajabu, tukarudi.

Siku ya tatu mama mmoja alitujia na kitu alichokifunga kwenye khanga. "Ustadhi, nimekikuta chini ya godoro la mwanangu." Lilikuwa shoka la mkono.

Tunakiri kwamba fikra yetu ya kwanza haikuwa amana, bali aibu. Jina la msikiti lingesemwaje? Katika kikao cha kamati, mjumbe mmoja alisema jiwe ni jiwe tu, korongoni yamejaa, litupwe mambo yaishe. Mzee wetu, ambaye huzungumza kwa nadra, akauliza: "Na ingekuwa pochi ya mtu?" Hapakuwa na jibu. Aidha, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 haimruhusu mtu kuondoa vitu vya namna hiyo bila kibali. Tukaazimia kulirudisha, tukampigia simu mhifadhi.

Tulipomuuliza mtoto, mwenye miaka 11, kwa nini alilichukua, alijibu: "Nilitaka kuendelea kulishika, Ustadhi." Ukali wetu ukapungua. Vidole vyake vilikaa pale pale vilipokaa vidole vya mtu wa kale, akashindwa kuachana navyo.

Hapo kijana mmoja wa msikitini, fundi wa kompyuta, akajitolea. Kwa ruhusa ya mhifadhi aliliweka jiwe barazani siku ya mawingu, ili vivuli vikali visilifiche, akalizunguka akipiga picha 80 hivi, kila picha ikirudia sehemu ya ile iliyotangulia. Akaligeuza, akarudia. Kando aliweka rula, kwani picha peke yake hazijui ukubwa wa kitu. Programu ikalinganisha picha hizo nukta kwa nukta, ikaunda umbo la jiwe kwa pande zake zote. Kisha printa ikayeyusha uzi wa plastiki na kuupanga tabaka juu ya tabaka, kila moja likiwa na unene wa milimita 0.2. Alianza baada ya Isha. Alfajiri shoka lilikuwa tayari.

Njia hii si ngeni. Zana za Lomekwi, karibu na Ziwa Turkana nchini Kenya, zinazokadiriwa kuwa na miaka milioni 3.3 na zilizotangazwa mwaka 2015, maumbo yake yamewekwa kwenye intaneti ili mwanafunzi wa popote ayachunguze.

Nakala yetu ilikuwa na kasoro. Ilikuwa nyepesi, maana printa huacha uwazi ndani. Fundi akaitoboa na kuijaza mchanga. Makali yalififia. Naye mzee akaagiza liandikwe chini yake neno NAKALA, mtu asije akadanganywa.

Tulikwenda Isimila pamoja na mtoto na mama yake. Mhifadhi alitupokea kwa upole, akamuuliza mtoto swali moja: "Ulilitoa wapi, mwanangu?" Mtoto akatembea korongoni huku na huku. "Hapa... au pale." Akaanza kulia.

Mhifadhi akatueleza kwamba mahali jiwe lilipolala, tabaka la udongo lililolibeba na vilivyokuwa jirani yake ni nusu ya habari zake. Isimila ilijulikana kwa wataalamu mwaka 1951 kupitia mwanafunzi msafiri aliyeokota mawe. Lakini mahali alipoyaokota palijulikana, ndipo wachimbaji wakaja. Jiwe letu limerudi, mahali pake pamepotea, na hakuna printa iwezayo kupachapisha.

Kosa si la mtoto peke yake. Sisi tuliowaongoza hatukuwaambia neno kabla hawajashuka garini. Wazazi, semeni na watoto kabla ya safari, si baada yake.

Leo nakala ipo kwenye rafu ya madrasa, na mtoto yule ndiye huwaonyesha wenzake. Huwafumbisha macho, watafute mahali pa kidole gumba. Kisha husema: "Hili ni nakala. Lenyewe liko kwao."

Allah atujaalie kuwa watunzaji wema wa tulivyoachiwa.