Kikapu Kitupu cha Wagenia

Sisi tukaao Kisangani twayajua maporomoko ya Wagenia. Au tuseme, twadhani twayajua. Siku ya Dominika, baada ya Misa, jamaa nyingi huenda huko na nguo zao nzuri, na picha hupigwa juu ya mawe mpaka jua lichwe. Nasi tulikuwa tukienda hivyo. Kila mara tulirudi na picha, bila kujifunza neno.

Likizo kubwa iliyopita ilitukuta na huzuni nyumbani. Kijana wetu wa kwanza alikuwa ameshindwa mtihani wa mwisho wa shule ya msingi. Sisi tufundishao watoto wa wenzetu, wetu ameshindwa! Twakiri bila kuficha: hasira yetu ilitoka katika aibu, wala si katika mapendo. Tulimwambia maneno makali mbele ya wadogo zake. Tangu siku ile akawa hasemi wakati wa chakula, akamwambia mama yake kwamba harudi tena darasani.

Mama watoto ndiye aliyetoa shauri. "Twende Wagenia," akasema, "lakini si Dominika. Twende siku ya kazi, kabla watu hawajaamka."

Basi, tukaondoka Mangobo gizani, watu watano juu ya pikipiki mbili, na lituma na sombe katika kikapu cha mama. Tulipofika, ukungu ulikuwa ungali juu ya mto. Hapakuwa na mpiga picha wala mchuuzi. Ilisikika sauti ya maji peke yake. Kwa desturi ya mwalimu tukaanza kufundisha: kwamba haya ni maporomoko ya mwisho katika yale saba ya Boyoma, yafuatanayo kwa mwendo wa kilometa 100 hivi tangu Ubundu, kwamba chombo hakiwezi kupita humo, ndiyo sababu reli ilijengwa kati ya Kisangani na Ubundu, ikafunguliwa mwaka 1906, kwamba mto huu huku juu huitwa Lualaba, na huko chini huitwa Kongo. Watoto waliitikia kwa adabu, lakini macho yao yalikuwa kwa wavuvi.

Wavuvi hao husimika miti mikubwa katika mashimo ya mwamba, wakaifunga kwa kamba za mimea ya msituni. Hapo ndipo vining'iniapo vikapu vyenye mdomo mpana na mkia mwembamba. Mkondo wenyewe humsukuma samaki ndani, naye hawezi kugeuka kwa nguvu ya maji. Vikapu huangaliwa asubuhi na jioni. Mto ukiichukua miti, husimikwa mingine.

Kikapu cha kwanza kikapandishwa: kitupu. Cha pili: kitupu. Cha tatu kilikuwa na majani tu. Binti yetu mdogo akacheka. Mzee mmoja, aliyekuwa ameketi mwambani akikaza kamba, hakuudhika. Kijana wetu akamsogelea, akauliza swali lake la kwanza kwa siku nyingi: "Baba, kikiwa kitupu mwafanyaje?"

"Twatazama kama kimetoboka," akajibu mzee. "Kikiwa kimetoboka, twakitengeneza. Kikiwa kizima, twakirudisha majini."

"Hamkasiriki?"

"Tumkasirikie nani? Kikapu?"

Maneno hayo yalituchoma sisi kuliko mtoto. Tulikuwa tumekipiga kikapu, wala hatukutazama kimetoboka wapi. Tukaketi naye kando, juu ya jiwe lenye umande, tukamwomba radhi. Naam, baba alimwomba mwanawe radhi. Kati ya makundi ya Dominika tusingaliweza. Akanyamaza kitambo. Kisha akatuambia jambo ambalo hatukuwahi kumwuliza: tangu darasa la nne hakuelewa hesabu za sehemu, naye aliona haya kuuliza, kwa kuwa watu humwita mtoto wa mwalimu.

Kumbe tundu lilikuwa hapo, nalo lilifanywa kwa jina letu!

Kabla hatujaondoka, kikapu kimoja kilipanda na samaki wawili, na watoto wote wakapiga vigelegele, hata yeye. Jua lilipopanda, wageni wa kwanza wakaanza kufika, nasi tukashika njia ya kurudi.

Mwezi wa tisa kijana alirudi darasani. Kila jioni twakaa naye nusu saa kwa hesabu za sehemu, tukianza na chungwa na kisu. Mtihani ungali mbele, wala hatujui utakuwaje. Lakini mezani anasema.

Enyi wazazi wenzetu, hamhitaji nauli ya safari ndefu. Chagueni mahali pa karibu, mwende saa ambayo watu hawapo, mkachukue chakula kidogo. Kisha mwulizeni mtoto, mkanyamaze mpaka ajibu.