Nilikuwa Mtu wa Kuzima na Kuwasha

Kanisani kwetu anayetoa ushuhuda huanza na dhambi zake, nami nitafuata utaratibu huo huo. Kwa miaka kumi na moja nilipokea mshahara kama fundi wa mitandao wa kampuni ya uwakala wa forodha hapa Dar es Salaam, na miaka yote hiyo silaha yangu kubwa ilikuwa kidole kimoja. Ruta imegoma? Zima, hesabu hadi thelathini, washa. Seva haijibu? Zima, washa. Mara nyingi ilikubali, na hapo ndipo ubaya ulipoanzia, maana kitu kikishakubali hakuna anayeuliza kilikuwa kinaumwa nini.

Mwaka 2022 mama mwenye kampuni aliniita. Faiba yetu ilikuwa imekatwa kwa mara ya tatu ndani ya mwezi, safari hiyo na watu waliokuwa wakichimba mtaro, na matawi ya Tunduma na Arusha yalikuwa yamekaa nusu siku bila kuifikia seva. Malori yamepanga foleni mpakani, madereva wanapika chini ya tela, nyaraka za mizigo ziko kwenye seva Dar, na seva haifikiki. "Nunua laini ya pili," akasema. "Kampuni nyingine, njia nyingine. Habari za mtaro sitaki kuzisikia tena."

Nikanunua. Antena ikafungwa juu ya paa, ikatazamishwa mnara ulioko Kigamboni, waya ukateremshwa hadi chumba cha seva, nikauchomeka kwenye tundu la pili la seva yetu ya Linux, ile ile ambayo pia ndiyo geti la ofisi nzima. Taa ya kijani ikawaka. Nikampigia mama simu kumwambia tuna laini mbili, kazi imekwisha.

Haikuwa imeanza. Tunduma walipojaribu kuingia kwa anwani mpya, ya laini ya paa, walipata kimya. Nikiishusha kadi ya faiba kwa amri, anwani mpya inafufuka. Nikiipandisha tena, inakufa. Dalili hiyo peke yake ingemtosha mtu anayefikiri. Mimi niliisoma kinyume kabisa: nikaamua kwamba kampuni ya laini ya paa wametufungia kitu huko kwao. Kwa wiki tatu nikawapigia simu dawati lao la huduma, kila siku sauti ikipanda kidogo kuliko jana. Katikati ya wiki hizo nikazima na kuwasha seva mara nisizoweza kuhesabu, na nikanakili amri niliyoiona mahali, inayozima ukaguzi ambao Linux hufanya kuona kama pakiti imeingilia mlango ambao jibu lake lingetokea. Ukaguzi huo unaitwa rp_filter. Sikujua unafanya nini. Niliuzima kwa sababu aliyeandika alisema uzimwe.

Mwishowe wakamtuma fundi wao. Binti wa miaka ishirini na kitu, begi mgongoni, kofia ngumu mkononi akidhani atapanda paani. "Shikamoo kaka." Nikaitika marahaba kwa sauti ya mtu ambaye asubuhi ile ile alikuwa amewatukana wenzake kwenye simu.

Hakugusa kitufe chochote. Aliniomba kiti, akafungua madirisha mawili meusi kwenye skrini, na katika kila moja akawasha tcpdump, programu inayoandika kila pakiti inayopita kwenye kadi ya mtandao. Dirisha la kushoto lilitazama kadi ya laini ya paa, la kulia kadi ya faiba. Kisha akasema, "Waambie Tunduma wajaribu sasa hivi, kaka, mara moja tu."

Dirisha la kushoto likaandika mstari mmoja. Ombi la kuunganishwa kutoka Tunduma limeingia. Baada ya sekunde moja likaja tena lile lile. Kisha zikapita sekunde mbili, likaja. Kisha nne. Mashine ya Tunduma ilikuwa inabisha hodi kama mgeni anayesikia redio ikiimba ndani na haoni mlango ukifunguliwa.

"Inafika," akasema. "Sasa tazama huku."

Dirisha la kulia, la faiba, lilikuwa na mistari pia. Kwa kila hodi, jibu. Seva yangu, niliyoizima na kuiwasha wiki tatu kama mgonjwa anayechapwa makofi aamke, ilikuwa ikijibu kila mara bila kukosa hata moja. Ila jibu lilikuwa linatokea mlango wa faiba huku mtumaji wake ameandikwa kwa anwani ya laini ya paa.

Nilikaa kimya. Yeye akaendelea, taratibu, bila kunidhalilisha. Linux isipoambiwa vinginevyo huchagua njia kwa kuangalia pakiti inakwenda wapi, na haijali imebeba anwani ya nani. Tunduma iko mbali, haimo kwenye mtandao wa jirani, kwa hiyo jibu hufuata njia ya msingi, na njia yetu ya msingi ilikuwa faiba. Kampuni ya faiba nayo ikiona pakiti inatoka kwa mteja wake na anwani isiyokuwa yake, huitupa. Wana haki. Tangu mwaka 2000 wahandisi wa intaneti wana pendekezo linalojulikana kama BCP 38, linalozitaka kampuni zisiruhusu pakiti zenye anwani za kughushi kutoka kwa wateja wao, kwa sababu wavamizi hujificha humo. Basi waliokuwa wanalitupa jibu langu ni hawa niliokuwa nawasifu, na niliokuwa nawafokea walikuwa wameshaleta mzigo mpaka mlangoni.

"Unajua seva hii ina majedwali mangapi ya njia?" akaniuliza.

Nikasema moja. Akacheka, si kwa dharau. Yapo matatu tangu siku unapoisimika: local, namba 255, main, namba 254, ambalo ndilo hilo moja nililokuwa nalijua, na default, namba 253. Juu yake ipo orodha ya kanuni zinazoiambia seva isome jedwali lipi kwa pakiti ipi, na kanuni husomwa kuanzia namba ndogo kwenda kubwa. Unaweza kuongeza majedwali yako mwenyewe. Uwezo huo umo ndani ya Linux tangu toleo 2.2 la mwaka 1999, kazi ya Alexey Kuznetsov, yule yule aliyetengeneza amri ya ip ambayo niliitumia kila siku kuangalia anwani tu. Miaka yote nimeishi kwenye nyumba ya vyumba vinne nikilala sebuleni.

Tulifungua faili la /etc/iproute2/rt_tables tukaandika majina mawili, 100 faiba na 200 paa. Kisha akanipisha kwenye kibodi niandike mwenyewe:

ip route add default via 198.51.100.1 dev eth1 table paa
ip rule add from 198.51.100.10 table paa

Anwani halisi nimezibadili; hizi zimetoka kwenye fungu lililotengwa kwa ajili ya mifano tu. Mstari wa kwanza unasema jedwali la paa lina njia yake ya msingi, kupitia laini ya paa. Wa pili unasema chochote kinachotoka kwa anwani ya laini ya paa kisome jedwali hilo. Tukarudia hivyo hivyo kwa faiba. Kabla ya kuwaita Tunduma akanifundisha amri moja zaidi, ambayo naamini ndiyo iliyonibadilisha kuliko zote:

ip route get 8.8.8.8 from 198.51.100.10

Hapo unaiuliza seva yenyewe: ukitaka kwenda kule ukiwa na anwani hii, utatokea mlango gani? Nayo inakujibu kwa mstari mmoja. Miaka kumi na moja nilikuwa nabahatisha jambo ambalo mashine ilikuwa tayari kuniambia ikiulizwa.

Tunduma wakapiga simu kabla sijawapigia. Nikamwomba yule binti radhi kwa ajili ya zile simu. "Usijali kaka," akasema akikunja waya wake, "karibu wote wanaanza hivyo." Kofia ngumu hakuivaa.

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Jumamosi umeme ukakatika, betri ya UPS ikazeeka ghafla, seva ikazimika na kuwaka yenyewe, na Tunduma wakapotea tena. Amri za ip hukaa kwenye kumbukumbu ya muda tu. Mashine ikizimika zinaondoka nayo. Yaani ile dawa yangu ya siku zote sasa ndiyo ilikuwa sumu. Kama nisingekuwa nimeshika adabu siku mbili kabla, ningezima na kuwasha mara kumi nyingine. Nikauliza ip rule, nikaona kanuni hazipo, nikaziandika kwenye /etc/network/interfaces, kila moja ikitanguliwa na post-up, ili kadi ikipanda nazo zipande. Nikarudisha na ule ukaguzi niliouzima, safari hii kwa thamani ya 2, baada ya kusoma tofauti ya 0, 1 na 2 mpaka nikaielewa.

Ulevi wa maarifa mapya ni ulevi kama ulevi mwingine. Mwezi uliofuata nikaamua ofisi itumie laini zote mbili kwa pamoja, njia moja ya msingi yenye milango miwili, faiba ikipewa uzito wa 2 na paa 1. Kasi ilipanda kweli. Lakini dada wa uhasibu akaanza kutolewa nje ya mfumo wa benki kila anapofika ukurasa wa kuthibitisha malipo. Benki ilikuwa na seva zaidi ya moja. Mazungumzo na moja yalikwenda kwa faiba, na nyingine kwa paa, na benki ikiona mtu mmoja anaongea kutoka anwani mbili humdhania mwizi. Nikaweka kanuni moja kwamba kompyuta yake isome jedwali la faiba tu. Alinishukuru kwa chapati, na sikumwambia kwamba tatizo nililianzisha mimi.

Lililobaki lilikuwa kuhama laini moja inapokufa. Nilishajifunza kutoiamini taa ya kijani, kwa kuwa inakuambia tu kwamba kifaa kilicho jirani kiko hai. Mtaro ukikata faiba kilomita mbili mbele, taa inabaki kijani na njia inabaki kwenye jedwali ikipeleka pakiti shimoni. Nikaandika skripti: kila sekunde kumi ipige ping kwenye anwani tatu za ng'ambo kwa kila laini, na zote tatu zikikataa mara tatu mfululizo, ing'oe njia ya laini hiyo kwenye jedwali kuu. Ilifanya kazi vizuri sana. Nikaanza kuwaambia vijana wa ofisi nyingine waje waione.

Jumapili, tarehe 12 Mei 2024, simu ikatetemeka mfukoni ibada haijaisha. Mama mwenye kampuni. Kuna meli imefunga, kijana wa zamu yuko ofisini, hakuna kinachofunguka. "Si ulisema tuna laini mbili?"

Nikatoka nyuma ya kanisa nikaingia kwenye seva kwa simu, kupitia anwani ya laini ya paa, na ikanifungulia. Laini zote mbili zilikuwa hai hadi kwa kampuni zake, lakini ng'ambo hakufikiki kwa upande wowote. Mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikuwa imekatika asubuhi ile baharini huko Afrika Kusini, na upande wa kaskazini, Bahari ya Shamu, mikongo kadhaa ilikuwa imekatika tangu Februari, Seacom yenyewe ikiwemo. Nchi kadhaa za Afrika Mashariki zilikuwa zinahema kwa shida. Hilo silo kosa langu.

Kosa langu lilikuwa pale kwenye jedwali kuu. Skripti ilipoona ng'ambo hakujibu kwa faiba, ikaing'oa faiba. Ilipoona hakujibu kwa paa, ikaing'oa paa. Ofisi ya Dar ikabaki bila mlango hata mmoja, wakati mifumo iliyoko hapa hapa nchini ilikuwa inafikika, kwa sababu kampuni zetu za intaneti hubadilishana mizigo ya ndani kwenye TIX, kituo chao cha pamoja hapa nchini, bila kupita baharini. Matawi hayakuhisi kitu. Majedwali ya faiba na paa skripti haikuyagusa, ndiyo maana hata mimi niliweza kuingia. Kijana wa zamu alikuwa amefungiwa na mimi, siyo na bahari.

Nikarudisha njia moja kwa mkono, nimeegemea ukuta, kwaya ikiimba ndani. Akasema imefunguka, mfumo wa bandarini unaonekana, barua pepe za ng'ambo bado. Jioni nikaandika upya skripti: isiing'oe kamwe njia ya mwisho, na kati ya anwani tatu inazopiga, moja iwe ya hapa nchini.

Jumatatu mama aliniita. Sikuwa na hofu niliyokuwa nayo 2022. Nilimchorea kwenye karatasi: milango yetu ni miwili, barabara za mjini mbili, lakini zikifika ufukweni yawezekana zinaingia kwenye mkongo ule ule mmoja, na hilo jedwali la seva haliwezi kuniambia. Akaitazama ile karatasi, akauliza, "Kwa hiyo tulinunua kampuni ya pili bila kuuliza inapitia wapi baharini?" Nikasema ndiyo, na aliyepaswa kuuliza ni mimi.

Wiki hiyo niliziandikia kampuni zote mbili swali moja: mizigo yetu ya ng'ambo inapita mkongo upi, na ukikatika mnahamia upi? Moja ilinijibu kwa mistari miwili iliyoeleweka, pamoja na majina ya mikongo. Ya pili ilinijibu baada ya siku nne, wakaniuliza kama nimeshajaribu kuzima ruta na kuiwasha.